HISTORIA YA TIBA ARUSHA NA MERU: NANI ALIWEKWA KARIBU NA HOSPITALI, NANI AKAACHWA MBALI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Post ya leo ni ndefu. Mwenye haraka aihifadhi, aisome baada ya Isha akiwa ametulia. Ina miaka mingi na majina mengi, na sitaki mtu asome nusu kisha aanze kunijibu.

Ukisimama pale Mnara wa Mwenge hapa Arusha, pembeni kidogo utaliona jengo la zamani, wala si kubwa, ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ndani ya jengo hilo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Wengi wetu tukitajiwa Azimio tunakumbuka benki kutaifishwa na miiko ya viongozi. Wachache wanajua kwamba ndani yake mna maneno makali kuhusu hospitali. Maana yake ni hii: hospitali kubwa tulizonazo ziko mijini, na zinawafaa watu wachache. Zikijengwa kwa mkopo kutoka nje, mkopo huo hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinatokana na mazao ya mkulima. Kwa hiyo yule asiyetibiwa humo ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa kuzilipia. Azimio likaonya kwamba tusipokuwa waangalifu, unyonyaji wa kweli katika nchi hii utakuwa wa watu wa mjini kuwanyonya wakulima.

Sasa fikiri maneno hayo yalipitishwa wapi. Kwa sensa ya mwaka ule ule wa 1967, Arusha ilikuwa mji wa watu elfu 32 hivi. Ukitoka nje ya jengo lile siku isiyo na mawingu, ukatazama kaskazini, unauona Mlima Meru, na kwenye miteremko yake kuna kahawa. Mkulima aliyekuwa akizungumzwa kikaoni hakuwa wa mbali. Alikuwa pale juu, na kahawa yake ndiyo iliyokuwa ikipanda meli.

Nimeanzia hapo kwa sababu ya mjadala tulionao. Kama mnavyojua, wapo ndugu zetu, Allah awalipe, waliotoa mali ya wakfu ili ijengwe zahanati. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka ijengwe hapa mjini, jirani na msikiti. Wengine wanataka iende nyuma ya mlima. Ijumaa iliyopita nilisema kwenye khutba kwamba mimi nipo na hawa wa pili, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Ndugu mmoja ameniandikia kwamba kijijini watu ni wachache, na isitoshe "wamezoea". Neno hilo ndilo limenikalisha chini niandike. Tutazame kama kweli walizoea, au kuna waliowaweka huko.

Wageni hudhani Meru ni mlima mmoja. Kwa mvua ni miwili. Upande wa kusini na mashariki hupata mvua. Huko kuna migomba, kahawa, mifereji, na nyumba zimebanana. Upande wa kaskazini na magharibi ni mkavu. Ukifika Ngarenanyuki, au ukaenda Mwandet na Oldonyosambu, unakuta vumbi, mifugo na upepo. Tena mlima wenyewe umepasuliwa na makorongo yanayoshuka kutoka msituni, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi wanakoishi watu. Barabara hufuata migongo hiyo na kushukia kwenye barabara kuu ya Moshi. Ukitaka kumtembelea jirani aliye ng'ambo ya korongo kwa gari, mara nyingi itabidi ushuke hadi kwenye lami, utambae nayo, kisha upande tena. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Tiba ya kisasa mlimani haikuletwa kwanza na serikali. Ililetwa na misheni. Wamisionari wa Leipzig walijaribu mara ya kwanza mwaka 1896, na wawili wao wakauawa Akeri. Walirudi wakafungua Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Hospitali ya Nkoaranga mpaka leo iko mikononi mwa KKKT, sawa na ile ya Selian kule Ngaramtoni. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi yetu tunapenda kulalamika barazani kwamba wenzetu wana hospitali na sisi hatuna. Wenzetu walipanda mlima. Mzee wa Kiislamu wa upande ule akizidiwa usiku hupelekwa kwao, na wanamtibu. Haki isemwe.

Lakini nao walikaa penye maji, baridi nzuri na watu wengi. Nyuma ya mlima kulikwenda watu wa aina nyingine. Kuanzia mwaka 1905 hivi, utawala wa Kijerumani uliwagawia Makaburu mashamba upande wa kaskazini. Chini ya mlima nako kukapimwa mashamba ya walowezi, moja baada ya jingine, mpaka Wameru na Waarusha wakajikuta wamezungukwa. Ardhi ikishagawanywa hivyo, barabara hufuata mashamba, reli hufuata barabara (ilifika Arusha kutoka Moshi mwaka 1929), na daktari hufuata reli.

Na sisi Waislamu tulikuwa wapi? Tulikuwa pwani na mijini. Yupo mtu anayestahili dua zetu, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwislamu wa Bagamoyo mwenye asili ya India, aliyefariki mwaka 1897. Alitoa mali yake ikajengwa hospitali Dar es Salaam ya kuwatibu Waafrika na Wahindi wakati ambapo Mjerumani alikuwa na hospitali yake mwenyewe. Ukienda Muhimbili leo bado utasikia watu wakitaja Sewahaji, na wengi hawajui kuwa ni jina la mtu. Wema mkubwa, ila ulibaki penye bandari na biashara. Hata hapa Arusha, zahanati na hospitali za jamii za Kiislamu, za Ithnaasheri na Aga Khan, ziko mjini. Sijui kama kuna wa kumlaumu. Mtu hutoa sadaka penye macho yake. Ila tuweke kwenye kumbukumbu kwamba njia yetu ya kutoa nayo imefuata lami.

Alipokuja Mwingereza, tiba ilipangwa kwa rangi: Mzungu mahali pake, Mhindi pake, Mwafrika pake. Kwa vijijini ulibuniwa mpango mwaka 1926, chini ya mganga mkuu wa serikali, Dk. John Shircore. Vijana walichukuliwa, wakafundishwa kwa miezi michache kufunga vidonda na kutoa dawa chache, kisha wakarudishwa vijijini kwao. Wazee waliwaita madresa. (Msije mkachanganya na madrasa, ingawa nadhani mishahara ilikaribiana.) Zingatia nani aliyewalipa. Walilipwa na hazina za wenyeji, yaani kodi ya wanakijiji wenyewe. Hospitali ya mjini iliendeshwa na serikali kuu. Mwanakijiji alichangia serikali kuu kwa kodi na kahawa yake, kisha akachangia tena kibanda chake cha dresa.

Huenda ukasema: zama zile uwezo haukuwepo, mlimani kulikuwa hakujengeki. Njoo Tengeru. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, waliletwa pale wakimbizi wa Kipoland waliokuwa wamehamishiwa Urusi kwa nguvu na kuteseka huko. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Idadi yao ilifika kama watu 5,000, na hawakuwa na kosa lolote. Makaburi ya wale waliofia hapa yapo mpaka leo karibu na Ziwa Duluti. Kwa ajili yao ulijengwa mji mzima, wenye shule, kanisa na hospitali, kwenye ardhi ya Meru, katikati ya migomba. Simnung'unikii mkimbizi kwa kitanda chake. Ninachokuonyesha ni kwamba serikali ilipoamua watu hawa watibiwe, hospitali ilijengwa wakati wa vita, wakati chuma na dawa vilikuwa adimu duniani kote.

Miaka tisa baadaye serikali hiyo hiyo iliamua jambo jingine. Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walitolewa Ngarenanyuki ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Waliambiwa waende King'ori, wakakataa, na moja ya sababu zao ilihusu afya: ni chini zaidi, kuna joto, na walihofia maradhi ya watu na ya mifugo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Kesi hiyo husomeshwa kama habari ya ardhi na ya kudai uhuru, na ni kweli. Lakini wale wazee walikuwa wanajua pia kwamba mahali unapowekwa kuishi ndipo panapoamua utaumwa nini na utatibiwa na nani. Ufugaji ule wa Kizungu haukustawi, na baada ya Uhuru ardhi ikarudi kwa wenyewe. Barabara na hospitali hazikurudi pamoja nayo, kwa sababu hazikuwahi kuwepo.

Tufike Uhuru. Nchi nzima ilikuwa na vituo vya afya vya vijijini 22 tu. Mwaka 1964 ilitoka ripoti ya Profesa Richard Titmuss na wenzake, walioshauri nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya kuliko kuongeza hospitali kubwa. Lakini sehemu kubwa ya fedha iliendelea kwenda hospitalini. Ndipo likaja Azimio, na miaka michache baadaye, kuanzia 1972 hivi, mkondo ukageuzwa kwa vitendo. Lazima tuliseme hili kwa insafu, hata wale kati yetu wenye machungu na mambo mengine ya zama zile. Mpaka kuelekea 1980, vituo vya afya vya vijijini vilizidi 200, na zahanati zikafika zaidi ya 2,000. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio iliwekwa katikati, watu wakakaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Karibu watu wazima milioni 2 walishiriki. Muulize mama yako au bibi yako, atakuimbia.

Ikatangazwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya Watanzania wanaishi ndani ya kilomita 10 kutoka kwenye kituo cha tiba. Ni sifa ambayo nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo. Lakini hapa ndipo nilipokuomba ukumbuke makorongo.

Kilomita 10 za ramani hupimwa kwa rula. Kilomita 10 za Meru hupimwa kwa miguu, wakati wa masika, usiku, mama akiwa na uchungu tangu Adhuhuri. Mto ukijaa, zahanati unayoiona ng'ambo haipo. Anayetoka Ngarenanyuki kushuka Usa River hupita njia inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha, msituni, kwa nyati na tembo. Mchana watalii hulipia kuipita. Usiku ukiwa na mgonjwa kwenye bodaboda, utalii wote unaisha. Na kumbuka zahanati haina upasuaji wala damu. Akishindwa kujifungua pale anapewa rufaa, na rufaa ni safari nyingine: Tengeru, au Mount Meru, na mambo yakizidi, KCMC kule Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa hiyo mtu wa kijijini hana umbali mmoja, ana umbali juu ya umbali. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.), na mmesikia mara nyingi, kwamba alihofia kuulizwa na Allah juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa sababu yeye hakumsawazishia njia. Alikuwa Madina. Na huyo ni mnyama.

Miaka ya 80 nitaipita haraka, wengi mnaijua. Vita na Idi Amin, ukame, bei ya mafuta, fedha za kigeni kukauka. Zahanati zikabaki na kuta. Kuanzia 1983 na 1984, kwa msaada wa UNICEF na Denmark, yakaanza kuja maboksi ya dawa muhimu, yamefungwa tayari, kila zahanati boksi lake la mwezi. Boksi lilikuwa sawasawa kwa kijiji chenye malaria na kijiji chenye baridi. Likiisha tarehe 15, mgonjwa wa tarehe 16 aliandikiwa karatasi akanunue mjini.

Kisha milango miwili ilifunguliwa karibu kwa pamoja. Mwaka 1991 hospitali binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977, ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ikaanza kuwatoza wagonjwa, tukaita "kuchangia". Mlango wa kwanza ulimnufaisha wa mjini, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayefungua kliniki penye wateja wanaolipa baada ya kuvuna. Mlango wa pili ulimpata wa kijijini, ambaye hutoa nauli kwanza, kisha ada, kisha chakula cha anayemuuguza, kisha nauli ya kurudi, au gharama ya kurudisha maiti. Maskini waliwekewa msamaha, lakini ili usamehewe ilibidi uthibitishe umaskini wako mbele ya ofisi, na wengi waliona bora wabaki nyumbani. Mimi nilikuwa kijana wakati ule, na nakumbuka watu waliopona wakabaki wodini kwa deni.

Baadaye serikali ilileta Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, kisha Bima ya Taifa ya Afya iliyoanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma kwanza. Angalia hata hapo: mwenye mshahara alipata kadi inayofungua milango mingi, mkulima alipata mfuko ambao kwa miaka mingi uliishia kwenye vituo vya halmashauri yake. Hata ulipoboreshwa, kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, ukitaka uone kazi yake lazima uanze na kituo chenye dawa. Mwishoni mwa 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaiombea kheri. Lakini kadi haivuki korongo.

Nisiwafanye mkate tamaa, maana nambari nyingine ni za kumshukuru Allah. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Vituo vya afya vimejengwa, vingine vina vyumba vya upasuaji. Upo mfumo wa m-mama, unapiga 115 bila malipo, na dereva wa kijijini, mwenye gari lake mwenyewe, anampeleka mama kituoni kisha analipwa na serikali. Aliyebuni hilo alielewa kwamba wakati mwingine dawa ya kwanza ni tairi.

Ila soma nambari nyingine ndani ya utafiti ule wa 2015-16. Mjini, akina mama 86 kati ya 100 walijifungulia kituoni. Kijijini, 54. Huyu ndugu yangu aliyesema "wamezoea" anisaidie: wale 46 walizoea nini? Nimeswalia jeneza la mama kijana aliyefia njiani, wamembeba zamu kwa zamu kuelekea barabarani. Mumewe hakuniambia kwamba wamezoea. Aliniuliza kama mtoto aliyefia tumboni naye anaswaliwa. Nilimjibu kwa elimu niliyonayo, nikaondoka pale nikijua kwamba swali lake halikupaswa kuwa la imamu. Lilipaswa kuwa la mkunga, saa sita kabla.

Tatizo hili la mji kuwa na waganga na kijiji kukosa si geni katika historia ya Waislamu, na sisi tuna jibu lake la zamani ambalo halitajwi sana mimbarini. Tunapenda kutaja hospitali kubwa: ya Nuruddin pale Damascus, ya Qalawun pale Cairo. Lakini kabla yao, Baghdad, mwanzoni mwa karne ya nne Hijria, yaani karne ya kumi Miladia, waziri Ali ibn Isa alimwandikia barua mkuu wa matabibu, Sinan ibn Thabit. Alimwambia kwamba amewafikiria watu wa Sawad, vijiji vya mashambani vya Iraq, kwamba lazima wamo wagonjwa na hakuna tabibu wa kuwatazama. Akaamuru watumwe matabibu na sanduku la dawa wazunguke kijiji hadi kijiji, wakae kila mahali kwa kadiri inavyohitajika, kisha waende mbele.

Wakazunguka. Wakafika eneo ambalo wakazi wake wengi ni Mayahudi, na Sinan akaandika kuuliza afanyeje: awatibu, au awapite? Waziri akajibu kwamba watibiwe. Aliweka utaratibu wa nani atangulie, Waislamu kwanza, wanaadamu kabla ya wanyama. Ndiyo, hata wanyama aliwataja. Lakini hakuruhusu yeyote apitwe. Haya yamo katika vitabu vya wasifu wa matabibu, kwa Ibn Abi Usaybi'a na kwa al-Qifti. Baghdad wakati ule ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani, ina hospitali na matabibu kwa mamia. Waziri angeweza kusema watu wa mashambani waje mjini, au kwamba wamezoea.

Na tukirudi nyuma zaidi, Sa'd ibn Mu'adh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya msikiti. Riwaya iliyomo katika Bukhari inataja na sababu: ili amzuru kutoka karibu. Ukaribu wenyewe ulikuwa sehemu ya kumuuguza.

Sasa niwajibu wenzangu wa kamati kwa heshima, maana hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema mjini nako wamo maskini, na ni kweli. Jiji letu lina watu zaidi ya laki sita kwa sensa ya 2022. Nenda asubuhi Kaloleni au Levolosi uone foleni. Mama wa Unga Limited anayeuza mchicha anaweza kuishi mita mia tano kutoka hospitali na asiingie, kwa sababu hana ya kutoa. Huyo naye tutaulizwa habari zake. Lakini huyo shida yake ni fedha, na fedha inaweza kumfikia leo hii kwa zaka, bila kujenga ukuta hata mmoja. Yule wa nyuma ya mlima hata ukimpa fedha mkononi saa nane za usiku, hana pa kwenda kuitumia. Tena halmashauri mbili zinazouzunguka mlima, Meru na Arusha, zikijumlishwa zina watu wengi kuliko jiji. Hao "wachache" ndio wengi.

Hoja yao ya pili ndiyo nzito, na hii sitaikwepa. Wanasema tutajenga huko kisha pafungwe, kama tulivyoona zahanati nyingine: rangi mpya, uzinduzi, picha, na baada ya mwaka popo. Wana haki kuogopa. Zahanati haifi kwa kukosa saruji. Inakufa kwa sababu tabibu na mkunga wamepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kuishi, maji yako mbali, mtandao hakuna, na mshahara unachukuliwa mjini. Anakwenda mjini Ijumaa kuufuata, anarudi Jumatano. Binti wa watu ametoka chuoni, unamtaka alale chumba cha kukodi ukingoni mwa msitu na agongewe dirisha usiku na mtu asiyemjua. Mimi kama mzazi nisingekubali, na wewe usingekubali.

Hapo ndipo tusome wakfu wa Qalawun vizuri. Hospitali ile ya Cairo, iliyojengwa kati ya 1284 na 1285, ilipokea tajiri na maskini, mkazi na aliyetoka nje ya mji. Haikudumu kwa karne nyingi kwa sababu ya uzuri wa nguzo zake. Ilidumu kwa sababu Qalawun aliifungia mali nyingine, mali zilizokuwa zinaingiza kodi, na hati ya wakfu ikaeleza kodi hiyo imlipe tabibu, imnunulie mgonjwa chakula, ipeleke dawa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili, na nimelipeleka kwa maandishi. Kile kiwanja cha mjini jirani na msikiti kisipewe zahanati. Kijengwe fremu za maduka, kwa sababu pale biashara ipo. Fremu ziandikwe wakfu. Zahanati ijengwe nyuma ya mlima kwa kibali cha halmashauri, lakini kabla ya zahanati zianze nyumba mbili za wahudumu, tangi la maji ya mvua na umeme wa jua. Kodi ya fremu, kila mwezi, imlipe mkunga posho ya kumfanya abaki, na imlipe dereva wa usiku. Hati iseme wazi kwamba kodi hiyo haihamishwi kurudi mjini, wala kukarabati msikiti, wala kununua zulia. Miaka yote hii kahawa ya mlimani imelipia vitanda vya mjini. Safari hii duka la mjini lilipie kitanda cha mlimani.

Hesabu ya kodi za fremu kwa bei za sasa za mtaani ninayo, ya ujenzi bado fundi anaimalizia. Kamati inakaa Jumamosi baada ya Alasiri, na kikao ni cha wazi. Mwenye hesabu nyingine aje nayo imeandikwa.

Wassalaam alaykum warahmatullaah.